Vikombe Vinane vya Unga

Mwalimu Raheli alikuwa na kidomodomo tangu utotoni, na hakuna kazi iliyomtesa kama kufundisha huku amefunga mdomo. Lakini ndivyo alivyoamua kufundisha uwiano mwaka huu pale shuleni Gulwe: watoto wapewe tatizo kwanza, kila mmoja ahangaike nalo peke yake, kisha wabishane, wajaribu, waeleze. Jibu wasilipate kwake. Wiki nzima darasa la sita lilikuwa likimkodolea macho tu.

Mwalimu Mkuu Octavian alishachoka. "Leo nitakuja kuketi nyuma," alimwambia asubuhi. "Nisipoona mtoto anayejua uwiano, kesho darasa nalichukua mwenyewe. Mtihani hautawangoja wamalize kufikiri."

Raheli akapiga moyo konde. Darasa lile alilipenda, na hakuwa tayari kuliachia.

Aliwasha jiko la mkaa mlangoni, akaleta sufuria na unga wa uwele. Jana yake walikuwa wamepika uji mzuri kwa vikombe viwili vya unga na kumi vya maji. "Leo unga ni vikombe vinane," akasema. "Tunataka uji uleule, usiwe mzito zaidi wala mwepesi zaidi. Maji vikombe vingapi?"

Wakaandika, wakafuta, wakabishana. Nikodemo, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasimama. "Kumi na sita, mwalimu! Unga tumeongeza vikombe sita, basi na maji tuongeze sita." Darasa likapiga makofi. Hata wenye shaka walipiga, maana Nikodemo hakuzoea kukosea.

Kule nyuma mwalimu mkuu akakohoa. Kikohozi kile Raheli alikielewa vizuri mno. Ulimi ulimwasha, neno moja tu na aibu ingeisha. Akaung'ata.

"Haya, pika tuone," akasema.

Nikodemo akapika. Mwiko ulizunguka, ukawa mzito, ukakwama. Akaushika kwa mikono miwili, jasho linamtoka.

"Mwalimu, huu sasa ni ugali!" akapaza sauti msichana mmoja, na darasa likavunjika mbavu. Nikodemo hakucheka. Aliitazama sufuria kana kwamba imemtukana.

"Kwa nini umekuwa ugali?" Raheli akauliza. Watoto wakasogea kuchungulia sufuria.

Ndipo akainuka Salwa, binti wa mwenye duka la pale stesheni, ambaye kumsikia akiongea darasani ilikuwa bahati. Alichukua chaki, akachora sakafuni vikombe viwili vya unga, na chini yake vikombe kumi vya maji. Akachora tena vilevile, na tena, na tena, hadi unga ukatimia vikombe vinane.

"Kila viwili vina maji yao kumi," akasema. "Sisi tumevinyima."

Nikodemo akachuchumaa, akahesabu kwa kidole. "Arobaini," akasema polepole. "Unga ni mara nne, na maji mara nne."

Mwalimu mkuu hakuridhika. Akaja mbele. "Hayo umechorewa. Haya, Nikodemo, unga vikombe vitano. Maji?"

Vitano havigawanyiki kwa viwili-viwili, na Nikodemo aliliona hilo mara moja. Akafumba macho. Midomo ilimchezacheza bila sauti. Raheli alikuwa ameshika ukingo wa meza hadi vidole vinamuuma. Octavian, ambaye huruma yake haikujua kusubiri, akainama. "Sikiliza, kijana, ukichukua kikombe..."

"Samahani, mwalimu," Nikodemo akamkatiza, bado amefumba macho. "Naomba usiniambie. Nataka nilipate mwenyewe."

Raheli alihisi machozi yakimlenga. Octavian akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga mbao, akasubiri pamoja na watoto.

"Kikombe kimoja kinataka maji vikombe vitano," Nikodemo akasema hatimaye. "Kwa hiyo ni ishirini na tano."

"Darasa ni lako, Mwalimu Raheli," akasema Octavian. Lakini hakutoka. Alitaka kusikia swali linalofuata.