Pini Bado Iko Juu

...na hata akiikazia macho namna gani haitashuka, pini ni pini, haina aibu, lakini Akidor aliendelea kuikazia tu, ile pini nyekundu isiyozidi punje ya mahindi iliyosimama juu ya kifuniko cha sufuria ya presha, kwa sababu Clotilde alimwambia siku ile anamuuzia pale Kakuma, dada, pini ikiwa juu usifungue hata nyumba ikiwaka moto, ikishuka fungua, nyama utaikuta imelainika hata mtoto mchanga ataila, na Akidor hakuwa na mtoto mchanga, alikuwa na mama, mama asiye na jino hata moja mdomoni, aliyekaa barazani sasa hivi na Ekaale, na huyo Ekaale naye, kaka mtu, amekuja jana kutoka Nariokotome na mbuzi wa kamba na maneno mafupi, mama akila leo anabaki, asipokula naondoka naye, gari linarudi mchana huu, basi, hakutaka chai wala mazungumzo, na stima nayo ikaona hapo ndipo pa kupotea, mtaa mzima wa Kanamkemer hapa Lodwar kimya, friji kimya, redio ya jirani kimya, sufuria iliyokuwa ikionyesha dakika kwa namba za kijani imezimika uso lakini mdomo haiachii, yaani stima imeondoka na ufunguo mfukoni... na usimwambie habari ya kutoa mvuke kwa mkono, alishajaribu, alikizungusha kile kizibo cha juu cha mvuke kama alivyofundishwa, kikamtemea mchuzi wa moto kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, halafu kikaziba, nyama aliyoisaga ilikuwa laini mno ikapanda ikaziba tundu, kwa hiyo hakuna kufungua, hakuna kupunguza, ni kusimama hapa na kitambaa chenye maji mkononi na kungoja chombo kikubali, mwalimu mzima wa darasa la sita, watoto arobaini wanamtii akiinua kidole, na sufuria inamgomea.

Alivuta droo kutafuta sindano ya kuzibulia lile tundu, droo ikakwama, ndiyo kawaida yake, droo hii haijafunguka vizuri tangu semina ile ya walimu Kakuma, walipotoka mchana wenzake wakaenda kula yeye akaenda sokoni, akamkuta Clotilde na kimeza chake, Mkongo mwenye sauti tamu, anakata nyanya hewani na kila kitu kwake ni muujiza... dada, ona, iyi njo ya kukamata yai, unafunga, paf, inakuwa vipande, iyi ya kitunguu saumu, unaviringisha tu, ganda inatoka, na Akidor alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akanunua, akarudi siku iliyofuata akanunua tena, kikata mayai, kimenya saumu, kikamulio cha ndimu, mkasi wa sukuma wiki wenye makali matano ambao kuuosha ni kazi kuliko kukata, kisaga vitunguu cha kuvuta kamba, kijiko chenye mizani ndani yake kama vile ndani ya nyumba hii kuna mtu ana shida ya kujua chumvi ina uzito gani, halafu mashine ya kusagia nyama, halafu sufuria hii yenyewe iliyoletwa juu ya gari kutoka Kakuma ndani ya katoni kubwa, na hizo katoni nazo hakuzitupa, utazitupaje, zina picha nzuri, zimepangwa kule stoo juu ya jiko la makaa mpaka jiko halionekani... kidole kikapita kwenye ufa wa droo kikakutana na makali ya mkasi, ah, akakitoa, akakinyonya, na mama yake, akafikiri kwa hasira, mama amepika maisha yake yote kwa kisu kimoja, kisu kile kile cha kuchinja, cha kukata ngozi, cha kukatia kucha, na hajawahi kufungiwa nje ya chakula chake.

Barazani Ekaale alikuwa akieleza habari ya ngamia aliyezaa, sauti ilipenya wavu wa dirisha ikaja vipande vipande, ...majani yameisha upande ule, tumehamia... na mama akaitikia mm, mm, ile mm ya mtu ambaye mwili uko Lodwar roho imeshafika kwake, na kwake kuna nini, Akidor alitaka kupiga kelele, kuna nini Nariokotome mama zaidi ya upepo na mbuzi waliokonda, daktari alisema moyo huu ni mchovu, akae karibu na hospitali, ale, alisema ale, neno dogo namna hiyo, akasema akianguka tena mbali na hapa msinilaumu, na Akidor alifurahi, ndiyo, alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba sasa mama atakaa kwake, akamtandikia kitanda kizuri, akamwekea feni, akaanza kumpikia... na mama akaanza kushiba. Nimeshiba. Yai lililokatwa duara duara, nimeshiba, viazi vilivyopondwa na maziwa, nimeshiba, nyama iliyopitishwa kwenye blenda pamoja na karoti, hiyo aliitazama muda mrefu akalisogeza bakuli kwa kidole kimoja, nimeshiba mwanangu, akashukuru, kushukuru ndiko kulikomuumiza Akidor zaidi, anashukuru kama yuko kwa watu, kumbe mifupa ya shingo yake inahesabika, ameshiba nini, ameshiba upepo wa feni... simu ikatetemeka mezani, Clotilde, Akidor alikuwa amemtumia picha ya pini, akaiweka sikioni, minakuambia dada, usiguse-guse, ile kintu iko na nguvu, ngoja ishuke yeye mwenyewe, halafu kicheko, halafu akaongeza kwamba amepata kingine kipya, cha kutengeneza chapati, unamwaga tu, na Akidor akaizima simu isije ikamuuzia na hicho.

Na asubuhi, hebu fikiria asubuhi, kila kitu kilikuwa kimeanza vizuri, Ekaale akamchinja mbuzi nyuma ya nyumba, mbuzi mwekundu wa mama mwenyewe, sikio limekatwa alama yao, mama akabebewa kigoda chake akakaa kutazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike macho yake yalikuwa na kitu ndani, akauliza moto utawashwa wapi, akaonyesha pale chini ya mti wa mkwaju... hapana, si mkwaju, ule mti wa jirani ambao Akidor hata jina lake hajui, akaonyesha kivuli, pale panafaa, na Akidor akacheka, akamwambia mama, siku hizi hatupigi magoti kupuliza moto, wewe kaa tu, leo utakula nyama kwa ulimi, na akaichukua ile nyama yote ndani ya beseni akaingia nayo jikoni, akaitoa kwenye mifupa, paja, bega, mbavu, ini, figo, vyote ndani ya mashine, visu vinalia, vinatoka kamba kamba za rangi moja, na mifupa akaitupa kwenye beseni la bluu karibu na mlango, pamoja na shingo, maana shingo ilimshinda, ina kona nyingi, na Clotilde alisema mashine haipendi mfupa, basi mbwa wa jirani atasherehekea... angalau kuna mtu wa kusherehekea leo, na alipotupa jicho dirishani akaona mama amegeuza kigoda chake, hatazami tena upande wa jikoni. Kanuna, Akidor alijiambia, wazee hununa, atalainika akionja.

Pini bado. Mchuzi umeacha kuchemka ndani, hakuna sauti, lakini pini bado, na nje mazungumzo ya ngamia yamekwisha, akasikia Ekaale anakohoa, akasikia anasema pole pole, Mama, kula hata kidogo, huyu Akidor anahangaika, gari likija nitasema nini, na Akidor akasogea karibu na dirisha, kitambaa kinadondosha maji miguuni pake, kwa sababu hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba Ekaale angemtetea, alijua amekuja kumchukua mama kwa ubishi tu, kwa kuwa ni mwanamume na nyumba ya mama iko kwake...

"Nilimwona mbuzi wangu akiingia ndani," mama alisema. "Sijui sasa yuko wapi."

"Yuko kwenye sufuria, Mama."

"Yupi? Humo hakuna shingo, hakuna ubavu, hakuna mguu. Kwangu mtu akipewa kipande anajua yeye ni nani pale nyumbani. Hapa ninaletewa kijiko. Nakula kama mtu aliyeokotwa njiani."

...kama mtu aliyeokotwa njiani, na Akidor akashika ukingo wa sinki, alitaka kukasirika, alikuwa na hasira tayari kabisa, alikuwa ameiandaa tangu asubuhi, okotwa nini, nani amekuokota, nimekununulia kila kitu kinachouzwa chini ya jua, lakini hasira ikamponyoka, kwa sababu aliuona moto, si huu wa kufikirika, ule wenyewe, nje ya nyumba ya mama enzi hizo, nyama ikigawanywa na mama akiwa na kisu kile kimoja, hatazami hata, mkono unajua, ubavu huu wa baba yenu, huu wa mgeni, huu wa mke aliyeolewa juzi, asipewe mwingine atalia, paja la huyu, kidari cha yule, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani hapa, maana ulikuwa umelishika jibu mkononi likikuchoma vidole, na mwishoni mama anachukua shingo, shingo ni ya mwenye nyumba, aliyezaa, hakuna mwingine anayeigusa, halafu anaita, Akidor, njoo, na kutoka kwenye majivu anatoa figo, analipuliza, upande huu, upande ule, analiweka kwenye kiganja chake, la kwako, msichana wangu, kula kabla kaka yako hajakuona, na Ekaale alikuwa akimwona kila siku na hakusema neno, kwa sababu naye alijua ni la nani... na alikuwa amelisahau hilo, au hakulisahau, aliliweka mahali kama katoni za stoo, lina picha nzuri lakini limekalia kitu.

Na meno, jamani, meno. Mbona hakufikiri, amekaa siku zote hizi anapigana na meno ya mama kana kwamba ndiyo yaliyokataa chakula, wakati mwaka jana, alipokwenda kule kwa sikukuu, mama alikuwa tayari hana hata moja, na alimwona kwa macho yake amekaa na shingo ya mbuzi mapajani, kisu kidogo huku na ulimi huku, anazungusha pingili, ananyonya, anachokonoa uboho kwa kijiti, hana haraka, jua likazama bado yuko nayo, na akaiweka chini nyeupe, safi, hata siafu wasingepata kitu, ufizi mtupu, na akasema ah, akajifuta, na hiyo ndiyo ilikuwa shibe, Akidor, ile ndiyo sauti ya shibe, umeisikia ukaja ukanunua blenda. Mfupa ndio chakula cha asiye na meno na wewe umeutoa mfupa. Umemtolea mama yako mfupa ili visu visiumie.

Akageuka. Beseni la bluu lilikuwa pale pale karibu na mlango, nzi wameshalijua, na juu kabisa ya mifupa ile shingo, imepinda, nzima, na nyama yake imeishikilia kwa sababu ilimshinda, jambo moja tu lililomshinda leo asubuhi na ndilo lililobaki, akapiga magoti kwenye sakafu, akaitoa kwa mikono miwili, akaisuuza, ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kichwani tayari alikuwa stoo anashusha katoni, ile ya mashine, ile ya kikamulio, ile kubwa ya sufuria, chini kabisa kuna jiko, makaa yapo nusu gunia, kiberiti kiko wapi, katika droo ile isiyofunguka, haidhuru, ataazima kwa jirani, ataupeleka moto pale pale kwenye kivuli alipoonyeshwa, atapuliza kwa magoti, na gari likija litangoja au liende, na nywele zake ziingie majivu.

"Akidor," mama aliita kutoka barazani, sauti ya mtu asiyetegemea sana, "huko ndani kuna moto?"

"Bado, Mama. Nakuja kuuwasha hapo kivulini. Shingo yako ninayo mkononi."

Kigoda kikalia, kama mtu amekigeuza. Alimsikia Ekaale akisimama, akisema anakwenda kutafuta vijiti vya kuwashia, na Akidor akiwa bado amepiga magoti, maji ya shingo yanamshuka hadi kwenye viwiko, alihisi machozi yanakuja na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na hasira na kitu chochote, hata droo, hata stima, hata Clotilde na chapati zake za kumwaga.

"Na figo lako," mama akauliza, karibu zaidi sasa, karibu kabisa na wavu wa dirisha, "umelitunza?"

Akidor aliinua macho akaitazama sufuria. Pini ilikuwa bado iko juu.