Bwawa la Orrin

Verna Hovland alikuwa na tela la udongo nyuma ya trekta na hasira ya kufukia mabwawa kumi. Alitaka kufukia moja tu, lililo nyuma ya nyumba, ambalo barafu yake ilivunjika mwezi Machi ikammeza mumewe, Orrin. Kila asubuhi akichemsha kahawa, lilimkodolea macho kwenye dirisha la jikoni.

Sasa afisa wa serikali kuu, bwana mmoja mnene aitwaye Paxton, alisimama mbele ya trekta akisema ni marufuku kulifukia, kwa sheria inayolinda mabwawa ya bata wa porini.

Verna akachomoa Katiba mfukoni. Huku jimbo la Dakota Kaskazini, Marekani, wapo wanaotembea na kile kijitabu kama leso. Akamsomea kwamba serikali kuu imepewa mamlaka juu ya biashara za kati ya majimbo, na yale isiyopewa ni ya majimbo na wananchi.

"Bwawa hili halina mto wala mfereji," alisema. "Linafanya biashara na jimbo gani?"

Paxton alikubali kuwa hoja ina uzito. Akauliza tu kama wageni walikuwa wakija kuwinda bata hapo.

Hapo ndipo Verna alipojiponza. Aliingia ndani akatoka na kitabu cha wageni, ambacho kila mwindaji alitia sahihi kabla ya kupewa kahawa. Alitaka huyu mtu ajue kuwa Orrin alipendwa. Paxton alifunua kurasa polepole. Minnesota. Iowa. Wisconsin, miaka tisa mfululizo. Pembeni, kwa penseli, Orrin aliandika kila mmoja alicholipia: siku ya kuwinda, kitanda, chai ya asubuhi.

"Mama, biashara kati ya majimbo ndiyo hii," Paxton alisema. "Mahakamani wataanzia hapa."

Verna alimchukia mtu huyu na serikali yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimchukia Orrin na mwandiko wake safi.

"Kwa hiyo lililomuua mume wangu nilitunze."

"Ndivyo sheria ilivyo, mama."

"Sheria yenu imewakumbuka bata, mume wangu haimjui." Akampokonya kitabu. "Na ukuta wa jiko langu? Nao unafanya biashara na Iowa?"

Paxton akasema hapana, huko serikali kuu haina la kusema.

"Basi nipishe."

Aligeuza trekta hadi nyuma ya nyumba, akamwaga udongo wote ukutani, kisha akashika koleo. Alirundika mpaka dirisha la jikoni likafunikwa lote.