Benchi la Juu

Tangu Esko Tikkamäki afariki, simu ya Irmeli Hukkanen haikuwa na la maana la kumwambia asubuhi. Ilileta habari za hali ya hewa, ilileta matangazo ya matairi ya theluji, na bado mama wa watu aliamka kabla ya kengele, akapapasa gizani kuitafuta, akidhani labda leo. Mtu mzima, mkurugenzi wa halmashauri nzima ya Pielakoski, anangoja ujumbe wa marehemu. Angemwambia nani jambo kama hilo?

Zamani, na zamani yenyewe si mbali, ni mwaka jana tu, Esko ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka katika grupu la simu la wakubwa wa halmashauri. Alipiga picha ya kipimajoto kilichopigiliwa nje ya dirisha lake huko kijijini Kuikkaperä, akaandika chini yake: "Kiangazi kimefika." Nje baridi ya kuvunja mawe. Tarmo wa fedha angejibu kwamba bajeti ya kuni imekwisha, Kalevi mwenyekiti angetuma picha ya kikombe chake cha kahawa, na Irmeli, bado kitandani na soksi za sufu miguuni, angecheka peke yake. Baadaye ndipo kazi ilianza: barabara ipi iondolewe theluji kwanza, daktari gani anatishia kuhama, diwani gani abembelezwe kabla ya kikao. Wiki ikipita, maneno yote yalijifuta yenyewe. Kalevi ndiye aliyeliseti hivyo, na hakuna aliyeona kosa.

Grupu liliitwa Benchi la Juu, na jina hilo lina kisa chake.

Jengo la halmashauri lilikuwa na sauna, chumba cha kuogea mvuke, chini kabisa, kwenye ghorofa ya ardhini, mlango wa mbao uliopauka na mabenchi yaliyopandana hadi karibu na dari. Kila Alhamisi wakubwa walishuka huko. Joto lote liko benchi la juu, na maamuzi yote ya Pielakoski yalitoka benchi la juu. Mtu akivua nguo kavua na cheo. Mwenyekiti na mhandisi wanakaa bega kwa bega, jasho linawachuruzika, wanasemana wapendavyo. Wakitoka, wametoka na kauli moja, na kilichosemwa mle ndani kimebaki mle ndani. Ndivyo walivyolelewa watu hawa, na wala hawaoni ajabu.

Sasa mkurugenzi akiwa mwanamke inakuwaje? Maana sauna ya wanaume ni ya wanaume. Mwaka wake wa kwanza, kila Ijumaa Irmeli alifika ofisini akakuta mambo yameshapikwa na kupakuliwa, yeye kazi yake kula. Alipolalamika, aliambiwa kwa upole kabisa kwamba Jumatano sauna iko wazi kwa wanawake. Ati akae humo peke yake, apige kura na ndoo ya maji.

Esko, mhandisi wa halmashauri, alikuwa mtu wa kusema neno leo na la pili kesho. Wiki ileile alibandika karatasi mlangoni: bomba limeoza, ni hatari, sauna imefungwa mpaka itakapotangazwa tena. Bomba lilikuwa zima kabisa. Kalevi alinung'unika mpaka watu wakachoka kumsikia. Kisha Esko akafungua grupu kwenye ile programu ya siri, ambayo hakuna mtu wa nje awezaye kuchungulia, akawaingiza wenzake wote, akamwandikia Irmeli: "Panda, nafasi ipo." Irmeli aliyasoma maneno hayo akiwa kwenye foleni dukani, maziwa mkononi, machozi yakamlengalenga, akajifanya anatafuta kitambaa cha kupigia chafya. Maana habari za lile bomba alizijua. Miaka yote ya kazi hakuna mtu aliyewahi kumfanyia jambo kama lile, na alimpenda Esko kwa hilo, kama mtu anavyompenda kaka.

Ndiyo maana hakuwahi kuliona grupu lile kama kosa. Sheria ya nchi inasema linaloandikwa kwa ajili ya kazi ya umma ni la umma, mwananchi akigonga mlango aonyeshwe. Irmeli aliijua, tena aliwahi kuwafundisha wengine. Lakini wao hawakujiona kama wanaandika. Walijiona wako sauna.

Likaja suala la shule ya Kuikkaperä. Kuvu ilionekana ukutani, na shule mpya mjini ingepata msaada wa serikali iwapo ile ya kijijini ingefungwa. Walibishana Benchi la Juu mpaka simu zikaisha chaji. Esko alipinga, na kwa mara ya kwanza aliandika marefu. Ilikuwa shule aliyosoma yeye, akasoma binti yake, na sasa wajukuu. Wenzake wote wakawa upande wa pili, Irmeli akiwa mmoja wao. Na desturi ni desturi, ukishindwa benchini unatoka na wenzako. Ripoti ya kwamba jengo zima halifai ilihitaji saini ya mhandisi, naye mhandisi akatia saini. Shule ilifungwa baada ya Krismasi. Mwezi Machi Esko alianguka uani kwake akichanja kuni, hakuamka tena.

Kijiji kilimzika, kwa sababu kuzikana ni lazima. Lakini baada ya kutoka makaburini, ukumbini, ambako binti yake Saija alikuwa amepanga vikombe na mikate mitamu ya iliki, watu walitoa pole, wakachukua makoti yao, wakaenda zao. Kahawa ya msiba hawakuinywa. Kwa watu hawa hakuna tusi linalozidi hilo.

Barafu ya ziwani ilipoanza kuyeyuka, Saija alikuja ofisini kwa Irmeli. Hakuvua koti.

"Shangazi," alisema, kwa maana alimwita hivyo tangu utotoni, "sikuja kugombana."

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Nimekula. Nataka kitu kimoja tu. Baba alisema nini kuhusu shule? Si ile ripoti, ripoti nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nataka mliyoandikiana kabla ya ripoti. Na mahakama ya utawala nimeshaiomba iwaulize."

"Saija, mwanangu..."

"Toivo Räihä aliniambia dukani, mbele ya watoto, kwamba babu yao aliuza kijiji. Mkubwa akaniuliza njiani, mama, ni kweli? Mimi naishi pale, shangazi. Kama aliuza, niambie aliuza, nifungashe nihame nijue moja. Kama hakuuza, nionyeshe."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Irmeli. Hakuuza. Alipigana na sisi mpaka mwisho. Lakini mtoto wa watu alisema aonyeshwe, hakusema aambiwe.

"Nitatafuta," alisema, akijua hakuna pa kutafuta.

Alitafuta hata hivyo. Alilifungua grupu na kuliangalia. Majina juu, chini yake weupe mtupu. Hakuwahi kuhifadhi hata mstari mmoja, kwa sababu nani anapiga picha sauna? Alikumbuka vichekesho, alikumbuka siku Tarmo alipotuma humo kwa bahati mbaya mapishi ya mkewe na Esko akayaita mpango mkakati, akacheka na kulia kwa pamoja, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa. Ilimuuma sana kwamba kitu kilichompa raha kiasi kile hakikuacha hata unyayo.

Kalevi alikuja na jibu la kuipelekea mahakama akiwa ameshaliandaa.

"Ni mstari mmoja tu," alisema. "Halmashauri haina nyaraka zinazohusu ombi hili. Na ni kweli, haina."

"Haina kwa sababu tulizifuta."

"Zilijifuta. Mimi sikugusa kitu." Alijikuna kidevu. "Irmeli, wewe unastaafu mwaka huu. Unataka kuagwa kwa keki au kwa polisi?"

"Saija anaitwa binti wa msaliti."

"Najua. Lakini Esko aliijua sheria ya benchi kuliko sisi sote. Angekuwa hai asingesema neno."

"Asingesema," Irmeli alikubali. "Lakini benchini alinipandisha yeye, si ninyi. Lile bomba halikuoza, Kalevi."

"Bomba gani?"

"La sauna. Lilikuwa zima. Aliwafungia ili mimi niingie."

Kalevi alimtazama, akatazama sakafu, kama vile angeweza kuiona sauna yenyewe huko chini. "Mshenzi yule," alisema kwa upole, maana naye alimpenda. Kisha akaiacha karatasi mezani akatoka, kwa sababu mapenzi ni mapenzi na kazi ni kazi.

Irmeli hakuisaini. Aliiandikia mahakama kwamba grupu lilikuwapo, kwamba shule ya Kuikkaperä iliamuliwa humo, na kwamba yeye alikuwa mmoja wa walioamua. Alijua kinachomngoja. Jumamosi akawasha gari akaenda kijijini mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo watu walikuwa wanahamisha viti na meza za shule kabla jengo halijafungwa kabisa, na alitaka wasikie wote kwa pamoja.

Walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Akina mama walikuwa wanachemsha kahawa katika jiko la shule, na Saija alikuwa kando, anaosha vikombe bila kuongeleshwa na mtu. Irmeli alisimama mbele ya ubao wa darasani, pale anaposimama mwalimu, akaeleza yote: grupu, jina lake, jinsi maneno yalivyojifuta, na kwamba Esko peke yake ndiye aliyepinga.

"Aliandika hivi," alisema. "Kuvu iko ukuta wa magharibi tu. Mbao nitazibadilisha mwenyewe kiangazi, kwa mikono yangu. Msiwapandishe watoto basi gizani kwa sababu ya ukuta mmoja."

Toivo Räihä, mkulima mwenye mikono kama majembe, aliweka chini kiti alichokuwa amebeba.

"Tuonyeshe," alisema.

"Hayapo, Toivo. Yalijifuta."

"Yalijifuta." Aliwageukia wenzake. "Saini yake ndiyo haikujifuta."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo.

"Mimi nakwambieni nililosoma kwa macho yangu," Irmeli alisema. "Na kazi yangu nimeshaiweka rehani kwa hilo."

"Tumesikia, mama," Toivo alijibu, tena bila ubaya. "Ulifanya naye kazi miaka mingi, unampenda, sasa unampamba. Hata mimi ningempamba rafiki yangu. Ila usitufanye watoto. Mtu asiyetaka shule ifungwe hasaini ifungwe."

Angewaelezaje? Kwamba alisaini kwa sababu ndivyo mtu anavyotoka sauna? Wao wenyewe walikuwa watu wa sauna, wangeelewa, lakini kuelewa si kuamini. Mpishi wa zamani wa shule alimmiminia Irmeli kahawa, akamsogezea mkate wa iliki, akamwambia anywe isipoe. Wote walikuwa na adabu, na hakuna aliyemwamini hata mmoja. Wakarudi kubeba viti.

Saija alimsindikiza mpaka kwenye gari. Matope ya theluji inayoyeyuka yalikuwa yamejaa uwanjani.

"Umeharibu kazi yako," alisema.

"Nilikuwa naondoka hata hivyo."

"Asante, shangazi. Ulichomfanyia baba ni wema mkubwa."

Irmeli alisikia neno wema, akaelewa. "Na wewe pia huniamini."

"Nataka kuamini. Hujui ninavyotaka." Saija alifuta mikono kwenye suruali yake, ingawa ilishakauka. "Lakini maneno yale ni mazuri mno. Baba hakuwa anaongea hivyo. Nyumbani alikuwa anasema mvua, anasema jua, basi."

"Benchini aliongea."

"Huko sikuwahi kufika. Rudia tena. Mara moja tu, nikawaambie watoto. Nitawaambia kama kweli."

Irmeli alishika mlango wa gari.

"Alisema kuvu iko upande mmoja tu wa jengo. Kwamba ukuta angeutengeneza mwenyewe, wakati wa likizo. Kwamba watoto wasiamshwe gizani kwa ajili ya..." Alisita.

"Ndani ulisema wasipandishwe basi," Saija alisema taratibu. "Na ulisema mbao."

"Mbao. Ndiyo, mbao."

"Alisema lipi, shangazi?"

Irmeli alifumba macho akatafuta. Aliyatafuta maandishi ya Esko, herufi kwa herufi, kama yalivyokuwa kwenye kioo cha simu, mistari ile mirefu isiyo na nukta, na akasikia sauti yake mwenyewe tu, ya dakika chache zilizopita, ikisema mbele ya ubao.

"Sijui," alisema. "Sikumbuki tena lipi ni lake."

Saija alitikisa kichwa kukubali. Alimkumbatia Irmeli kwa nguvu, akampigapiga mgongoni kama anavyofarijiwa mfiwa, kisha akarudi ndani kumalizia vikombe.