Kuzama kwa Meli Sebuleni

Kwa miezi kadhaa binti mmoja, mchoraji wa picha za kompyuta, alikuwa akichora kuzama kwa meli kubwa ya abiria ya zamani. Jumba la makumbusho ndilo lililomwagiza. Mkurugenzi alipoitazama picha kwenye skrini, alijikuna kidevu.

"Meli inazama kweli kweli," alisema. "Lakini hawa waliomo kwenye mashua za kuokolea wamekaa kama wanasubiri kinyozi."

Binti akarudi nyumbani amenuna. Alihitaji watu wa kuwapiga picha ili awachore. Akampigia simu mama yake, kisha mama yake mdogo, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu wagombanie cherehani ya marehemu bibi.

Walipokutana sebuleni, kila mmoja akageukia ukuta wake.

"Umenitega!" mama alinong'ona.

"Ndiyo, nimekutega. Lala kwenye zulia, mama. Umeanguka baharini. Mama mdogo, panda mashua." Akaonyesha sofa. "Haya, mvute."

Mama mdogo alinyoosha vidole viwili, kama anayeokota panya.

"Mama mdogo, hivyo atakufa maji!"

"Si apige mbizi tu."

Pale zuliani mama akaanza kutapatapa kwa mbwembwe. "Maskini mimi! Nakufa, na cherehani namwachia!"

Mama mdogo alijikaza, midomo ikamcheza, kisha kicheko kikamtoka kwa kishindo. Akamkamata dada yake kwa mikono miwili, akamvuta kwa nguvu zake zote. Sofa ikabinuka. Wote wakaporomoka sakafuni miguu juu, wakicheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli.

"Dada, nimekukumbuka mno," mama mdogo alisema, uso ameuficha begani kwa mwenzake.

Mchoraji aliendelea kupiga picha, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa na hakuona vizuri anachopiga.

Siku ya maonyesho, watu waliitupia meli jicho moja, kisha wakajazana kwenye kona ya picha, palipokuwa na mashua ndogo na mwanamke akimng'ang'ania mwenzake asimezwe na mawimbi. Ndugu wale wawili nao walikuwepo, wameshikana mikono.

"Mbona kanichora mnene?" mama mdogo alilalamika.

"Afadhali wewe! Mimi nimelowa kama kuku!"

Mlinzi akawaomba wapunguze sauti. Hawakupunguza.