Paipu Moja au Tatu

Chonga alikuwa mtu wa kuamua upesi. Mzigo ukikwama bandarini Kilindini, yeye ndiye wakala aliyejua dirisha la kugonga na karani wa kuchekewa. Hata siku ya posa, wazee walikuwa bado wanakohoa kutafuta maneno, yeye keshauliza harusi lini. Lakini tangi la samaki wa baharini lilimshinda. Alikaa kwenye kochi na simu mkononi akitazama video za mapaipu, akilala nazo na kuamka nazo, na mkewe akimletea chai kama anayemhudumia mgonjwa.

"Mchagua nazi hupata koroma," Mejumaa alimwambia. "Lau ungenichunguza miye hivyo, hadi leo ningekuwa kwetu Tiwi."

"Kioo kikishatobolewa hakishoneki," Chonga akajibu bila kuinua macho.

Hapo ndipo palipomtia kiwewe. Morris, fundi wa vioo wa Tononoka, alikuwa ameshakata kioo kwa kipimo cha ukuta wao, na sasa alingoja kuambiwa atoboe matundu mangapi. Maji ya tangi yakifika juu humwagikia kwenye kisanduku cha pembeni, yakashuka kwa paipu hadi tangi dogo la kusafishia lililofichwa kabatini, kisha pampu ikayarudisha. Katika kushuka huko mlikuwa na madhehebu mawili. Wa paipu moja walisema ni rahisi, ila maji hushuka pamoja na hewa, basi paipu hukohoa. Wa paipu tatu walisema ya kwanza hujaa maji matupu na haitoi hata mnong'ono, ya pili huchukua kile kidogo kilichobaki, na ya tatu hukaa kavu ikingojea siku zile mbili zitakapoziba.

"Chukua tatu," Morris alisema. "Tahadhari kabla ya hatari."

"Paipu ikae mwaka mzima bila kazi? Hiyo ni paipu au shemeji?"

Mejumaa, ambaye kaka yake alikuwa amewakalia tangu Idi, alimtupia jicho. Chonga akaamua papo hapo: paipu moja.

Tusimcheke sana. Mtu huyu alishinda ufukweni siku nzima asione ila makontena, na alitamani kwa dhati apate kipande cha bahari cha kukaa nacho jioni. Hofu yake ilikuwa moja tu, Bi Ummukulthum, mwenye nyumba, aliyeishi chini yao hapo Mji wa Kale. Alilikubali tangi kwa sharti fupi: "Lisinisumbue. Likinisumbua, litoke."

Jumapili asubuhi Morris alilifunga, wakalijaza maji ya bahari na mawe, samaki wangefuata baadaye. Pampu ikawashwa. Maji yakapanda, yakamwagika, yakashuka. Paipu ikakohoa kidogo kabatini. Morris akenda zake, na Chonga akasema sauti yenyewe ni tamu, ya mto. Akaingia chumbani kubadilisha nguo.

Sasa, pale mtaani maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe, na kabla ya kuja hukohoa ndani ya kuta. Mwenye kuyasikia kwanza huwaita wenzake. Kwa miaka na miaka mwenye kuyasikia kwanza alikuwa Bi Ummukulthum. Akisema maji, hakuna aliyeuliza. Watu waliacha chapati juu ya moto.

"Jamani, maji hayo!" sauti yake ilipasuka kutoka chini. "Toeni ndoo!"

Kichochoro kikafurika mitungi na makarai. Na nani aliyeshuka ngazi mbio kuliko wote, kikoi kimemkaa upande, ndoo mbili mkononi? Chonga. Alisukumana, akapata nafasi ya tatu kwenye foleni, akajipongeza. Mfereji ulipofunguliwa ulitoa upepo. Wakangoja. Ukatoa upepo tena.

Mejumaa akachungulia dirishani. "Chonga, mume wangu, hebu njoo uzime hiki kitu chako tuone."

Akapanda, akazima. Ukuta ukanyamaza. Akawasha, ukakohoa. Kichochoro kizima kikaangua kicheko, na Huzaifa, jirani wa nyumba ya pili, akapaza sauti: "Bi Ummukulthum, sikio limezeeka! Wasikia samaki wakioga!"

Bi Ummukulthum aliinama. Aliokota ndoo zake moja moja. Baadaye alimwita Chonga, akamwambia bila hasira, "Mwanangu, ama linyamaze, ama lihame."

Morris aliitwa tena, naye hakumwonea huruma. Kutoboa kioo kilichokwisha kugandishwa kwa gundi ni kucheza kamari, alisema; kinaweza kupasuka chote.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema Mejumaa. Tangi likakaushwa. Morris akashika keekee, Mejumaa akamwagia maji kidogo kidogo pale penye ncha ili kioo kisipate moto, na Chonga, aliyetazama video zote za dunia, akasimama jikoni amefumba macho. Matundu mengine mawili yakapatikana. Paipu tatu zikafungwa, koki ikakazwa polepole mpaka kikohozi kikakata. Akashuka kumwuliza Bi Ummukulthum, naye akaweka sikio ukutani, akasema hasikii kitu. Tangi limepona. Chonga akanunua samaki wawili wa milia, akawa mtu mwenye furaha.

Halafu asubuhi moja pakapigwa hodi. Bi Ummukulthum, ambaye kwa ajili ya magoti hakuwa akipanda ngazi zile, alisimama mlangoni akihema.

"Sabalkheri, mwanangu. Nasikia maji yakohoa ukutani. Ni weye ama ni wao wa mfereji?"

Chonga alitaka kucheka, akauona uso wake. Hakuwa akitania. Mama huyu aliyewaamuru majirani kwa sikio lake alikuwa amekuja kuomba ruhusa ya kusikia. Chonga aliona haya kuliko siku ile ya ndoo. Akainama kabatini, akazima pampu. Wakasikiliza. Ukutani kikohozi kiliendelea.

"Ni wao, mama."

"Basi waite majirani weye. Miye hawanisikii."

"Siwaiti," Chonga akasema, akamshika mkono hadi dirishani. "Waite mwenyewe."

"Jamani, maji hayo!"

Hakuna mlango uliofunguka. Huzaifa akacheka ndani kwake: "Wale samaki washaamka?" Bibi akauchomoa mkono wake katika mkono wa Chonga, akaanza kugeuka aondoke.

Chonga hakungoja. Alinyakua ndoo ya bati, akashuka kifua wazi, akaufungua mfereji mpaka mwisho. Ukatoa upepo, ukatema kutu, kisha maji yakalipiga lile bati kwa kishindo kilichofika mwisho wa kichochoro. Milango ikafunguka. Huzaifa akatoka na mitungi minne, mdomo kaufunga.

Chonga akainua uso kutazama dirishani.

"Wanitazamani?" Bi Ummukulthum akamfokea, mtaa mzima ukimsikia. "Toa ndoo yako hapo! Wenye watoto waanze, na Huzaifa awe wa mwisho."