Ubani Ndani ya Sanduku

Katika chumba cha kufulia cha jumba moja la Al-Hamra, Jeddah, Asumpta Mwikali alikuwa amepiga magoti akifukiza masanduku ya safari. Nyumba ile haikusafiri na masanduku yanayonuka stoo. Sanduku lilifunguliwa, chetezo kikawekwa ndani, kifuniko kikarudishwa nusu, moshi ukashika kitambaa. Siku hiyo udi ulikuwa umekwisha na Madam Zeinab alikuwa amelala. Asumpta, Mkatoliki wa Mwala kule Machakos, alikua akijua kwamba moshi wa heshima ni ule wa kanisani, basi akachukua ubani ambao Madam hutafuna tumbo likimsumbua, akautia kwenye makaa. Moshi ulipotanda aliinua kifuniko cha sanduku kubwa la buluu. Ndani palikuwa na ngazi za mawe, na mwisho wa ngazi kanisa la matofali mekundu, kengele zikilia.

Alizima pasi kwanza. Kisha akashuka.

Alijua ni wapi, maana nyumba nzima haikuwa na wimbo mwingine. Ilikuwa Gdansk, mji wa kale wa bandari huko Polandi, kwenye bahari ya Baltiki. Baba Hashim, mume wa Madam, alikuwa mgonjwa wa tasbihi za kaharabu, yale mawe mepesi ya rangi ya asali, na mzee mmoja muuza tasbihi wa Al-Dirah kule Riyadh alimnong'oneza kwamba bahari ya Gdansk huitapika kaharabu ufukweni na watu wakaiokota kama kokoto. Basi, tangu hapo ikawa Gdansk asubuhi, Gdansk jioni. Wangeenda baada ya Idi. Baba alitaka kaharabu. Madam alitaka fleti isiyo na mbwa kwenye ngazi, yenye bomba la kujisafishia chooni, na bucha la nyama halali karibu.

Asumpta naye alikuwa na lake moja. Mkataba wake ulikwisha mwaka uliopita, na Baba, ambaye ndiye kafili wake, yaani mdhamini wake kisheria, alimwahidi kwamba familia ikienda likizo, yeye pia ataenda yake. Paspoti yake ilikuwa kwenye droo ya Baba na ufunguo mfukoni mwa Baba. Nyumbani Mwala, mama yake alikuwa anapoteza macho. Jicho moja lilishafunga. Mama hakutaka pesa wala leso. Alitaka amwone mwanawe kabla la pili halijafunga nalo.

Kule chini ilikuwa ni misa. Lugha hakuijua, lakini misa ni misa, alijua pa kupiga magoti. Hakuwa ametia mguu kanisani tangu atoke Kenya, na alilia vizuri, kilio cha kushiba, mpaka aproni ikalowa. Kisha akawasha mshumaa kwa ajili ya macho ya mama. Mlangoni mama mmoja muuza mikate alimtazama na zile ndara zake kwenye baridi ile, akamtilia mkate wa moto mkononi na kukataa kulipwa. Asumpta alipanda ngazi akiwa bado anatafuna. Wali jikoni ulikuwa haujaungua.

Jioni alimwambia Madam, kama vile angemwambia friji inavuja.

"Madam, lile sanduku la buluu limefungukia Gdansk."

"Kuna baridi?" Madam akauliza.

"Ya sweta."

"Basi weka masweta. Ya watoto pia. Na kesho ukienda, angalia vyoo."

Ikawa ndiyo kazi. Akimaliza kupiga deki huwasha ubani, hushuka, hukagua fleti. Ya kwanza ilikuwa na mbwa. Ya pili haikuwa na bomba. Ya tatu, karibu na mto, ilikuwa na kila kitu, na dirishani ilionekana winchi kuu ya mbao ambayo watu wa zamani walipakilia meli zao. Madam aliichukua hiyo. Baba alimpa Asumpta chupa ya maji ya chumvi aende madukani kujaribu shanga, maana kaharabu ya kweli huelea na ya plastiki huzama. Wauzaji walimzoea. Asumpta, haki ya Mungu, aliupenda mji ule. Kila siku alipita kuutazama mshumaa wake, na haukuwa umepungua hata ukucha. Kila siku alishukuru.

Ujinga hakuwa nao. Siku moja alimwuliza padre, kwa mikono na Kiingereza kidogo, mtu akitoka pale anafikaje Kenya. Padre akamchorea ndege hewani kwa kidole, halafu akaonyesha kijitabu kwa viganja viwili: paspoti. Asumpta akamshukuru, akarudi kukatakata vitunguu.

Tiketi zilipofika, alingoja mpaka Baba amalize kahawa.

"Baba, na paspoti yangu? Ulisema mkienda likizo, nami niende."

Baba aliendelea kuvuta shanga. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Likizo gani tena, Asumpta? Si umekuwa Ulaya tangu Shaabani? Misa umesali, mkate umekula. Wafanyakazi wa majirani wamefika wapi? Hata geti hawavuki."

"Nilikuwa kazini, Baba."

"Na ulitoka nchini bila ruhusa ya kutoka. Kafili mwingine angekwenda polisi kusema umetoroka. Mimi nilisema neno? Likizo yako umeila. Halas. Mkataba tutauandika upya tukirudi."

"Asante, Baba," akasema Asumpta. Alimaanisha ile ya polisi, maana alijua wasichana waliotoroka wakaishia kujibanza Karantina, mtaa wa mabanda wa mji ule, na waliopita mikononi mwa polisi hakusikia habari zao tena. Ile ya likizo hakuishukuru, akaenda kuosha vikombe.

Waliondoka siku ya nne ya Idi. Asumpta aliyabeba masanduku mpaka garini, la buluu likiwa la mwisho. Madam alimbusu shavuni, akamwachia nyama ya kutosha kwenye friza, akafunga geti kwa nje.

Keziah, dada yake, alipiga simu kutoka Mwala. Jicho la pili lilikuwa limefunga tangu asubuhi. Akampa mama simu.

"Mwaitu," Asumpta akamwita, yaani mama, kwa Kikamba chao.

"Mwanangu, asante kwa mshumaa," mama akasema. "Giza limeingia kote, lakini mshumaa wako nauona vizuri kabisa. Uko kwenye jumba kubwa, jekundu. Ila wewe sikuoni. Sogea kwenye mwanga."

Asumpta alikuwa na begi lake dogo, lile alilokuja nalo, zipu moja imekufa. Aliliweka sakafuni, akawasha ubani, akafukiza, na alipolifungua aliomba liwe limefungukia Mwala, mbele ya jiko la mama. Lilikuwa na ngazi zile zile za mawe. Alishuka na simu sikioni, akapita katikati ya waumini, akasimama kando ya mshumaa akitazama juu, kitambaa cha kichwa amekivua.



"Umekonda," mama akasema. "Na nani amekunyoa nywele hivyo? Mungu ashukuriwe, nimekuona. Sasa njoo nyumbani."

"Droo imefungwa, mwaitu. Baba amesafiri na ufunguo."

"Basi usiondoke hapo," mama akasema. "Simama hivyo hivyo, mshumaa bado mrefu."