Mafungu Mawili ya Samaki

Serikali ilipozichukua meli za uvuvi za Grimsby, bandari ya Uingereza, wakati wa vita zikasake mabomu ya Wajerumani baharini, ilibadili rangi tu. Watu walibaki wavuvi walewale. Nyavu ziliondolewa melini, ukaja waya mrefu unaoburutwa na meli mbili zikienda sambamba, kukata minyororo iliyoyafunga mabomu chini ya bahari. Sharti lilikuwa moja: waya ukiwa mzito ghafla, usivute. Kata.

Haya, mwambie mvuvi akate zana yake uone!

Siku moja waya ulipokuwa mzito, nahodha Enoch Stamper alikata. Kaka yake Wilf, nahodha wa meli ya pili, akamsimanga kilabuni mbele za watu.

"Waya mzima, we! Kumbe umenasa jiwe! Baba angekuwa hai angekuchapa mbele ya mkeo."

"Basi kaka, yaishe," alisema Enoch, masikio mekundu.

Wiki iliyofuata, Jumanne asubuhi, waya ukawa mzito tena upande wa Enoch. Wilf akaiona winchi ya mdogo wake inazunguka. Anavuta. Jamani, huyu anavuta! Wilf akapiga honi bila kuachia. "Kata! Enoch, kata, mjinga we!"

Bomu likaibuka limenaswa na waya, likagonga ubavu wa meli ya Enoch, likalipuka.

Wilf na watu wake walizunguka pale mpaka mchana, wasipate hata mtu mmoja. Samaki waliouawa na ule mshindo walielea, wanene, na mabaharia wakachukua vikapu wakawazoa, kwa kuwa mikono ilishazoea. Wilf hakuwakataza. Alitafuta uchungu moyoni akaukosa, na hilo ndilo lililomtisha.

Pale Grimsby kila mvuvi hurudi nyumbani na fungu lake la kitoweo, amelibeba mwenyewe. Hambebei mwenzake, ila mwenzake akiwa harudi tena.

Nora, mke wa Enoch, alifungua mlango mikono ina unga. Akayaona mafungu mawili mikononi mwa shemeji yake.

"Hukumwambia akate?"

"Nilimwambia, shemeji."

"Lini?"

"Leo."

Nora akajifuta unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Wiki nzima alikuwa halali," alisema, bila hasira yoyote. "Ananiambia, Nora, sikati tena, kaka atanicheka."

Akapokea fungu moja, akaenda kulitia chumvi.